Mhadhara kwa Wanaotaka Sheria na Utawala kwa Mkupuo Mmoja

Waheshimiwa, kaeni. Wenye simu wazizime, maana nitakayosema leo hayarudiwi.

Nimealikwa, na hata nisingealikwa ningekuja, kuwapa darasa juu ya shahada pacha ya Marekani: JD ya sheria na MPA ya utawala wa umma. Mimi sina hata moja, ndiyo maana naziona zote bila upendeleo.

Kule sheria haisomwi na mtoto aliyemaliza kidato cha sita jana. Sharti awe na shahada ya kwanza, ndipo aanze miaka 3 ya JD. MPA nayo kwa kawaida ni miaka 2. Jumla 5, siyo? Vyuo vingi vitakwambia 4, kwa kuwa masomo mengine yanahesabiwa pande zote mbili. Muuza nyama wa Buguruni akipima kilo moja akaiuza kwa wateja wawili, ataitwa mwizi. Chuoni wanaita ufanisi. Na JD ni udaktari wa sheria, ila wenzetu wakiipata hawajiiti Dakta. Mkirudi hapa hilo tutalirekebisha uwanja wa ndege.

Sasa, mwasisi wa fani. Vitabu vitawatajia Woodrow Wilson, aliyefungua ofisi ya uwakili Atlanta, akakosa wateja, akageukia usomi, na mwaka 1887 akaandika makala maarufu kuhusu utawala. Urais ulikuja baadaye. Napinga! Mwasisi ni Charles Guiteau, wakili njaa aliyejiaminisha kwamba anastahili ukonseli wa Paris. Akashinda kwenye korido za wakubwa, leo ofisi hii, kesho ile, barua juu ya barua, hadi wakamchoka na kumpiga marufuku. Mwaka 1881 akampiga risasi Rais Garfield. Yeye akanyongwa 1882, na mwaka uliofuata ikatoka Sheria ya Pendleton: kazi za serikali zianze kutolewa kwa mitihani, si kwa kujuana. Wakili mmoja, bila hata MPA, kageuza utumishi wa taifa zima! Mbinu yake siipendekezi.

Mkihitimu mtakutana na sheria ya mwaka 1946, inayoitaka idara ya serikali itangaze kanuni inayokusudia kutunga na kupokea maoni ya wananchi kabla ya kuipitisha. Hapo MPA ndani yako itauliza, "Itagharimu kiasi gani?" JD itajibu, "Kwa kifungu kipi?" Mtabishana humo kichwani hadi saa ya chai, na posho ya kikao ni ya mtu mmoja.

Kijana wa nyuma anauliza ada. Swali zuri. Wamarekani wana mkopo wa serikali kuu: fanya kazi ya umma, lipa marejesho 120, salio linasamehewa. Mwenye viza ya mwanafunzi hapewi mkopo huo. Kwa hiyo, kijana, jibu ninalo ila halikuhusu.

Mwingine? Hakuna? Vema. Ile bahasha ya nauli iko kwa nani?