Msumeno wa Nyuzi 45

Mtu aliyesomesha hesabu kwa muda wa miaka 27, akawachorea watoto wa watu pembemraba kwa chaki hata vidole vyake vikafanya weupe usiotoka kwa sabuni, ana haki ya kudhani kwamba siku atakapostaafu hatashindwa na ubao wa upana wa inchi 3. Dhana hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nyumba yetu iko Kiponda, katika Mji Mkongwe wa Unguja, nami nimeirithi kwa marehemu babu yangu pamoja na unyevu wake. Wakaao nyumba za mawe wanaujua unyevu huo: hupanda kutoka ardhini ndani kwa ndani, na lipu ya chini ikavimba, ikapasuka, ikamwagika sakafuni kama unga wa muhogo, hata mwenye nyumba akawa kila asubuhi anaifagia nyumba yake mwenyewe na kuitupa jaani kidogo kidogo. Sasa mke wangu, alipokwenda kumtazama dada yake aliyehamia nyumba mpya huko Mbweni, aliona miguuni mwa kuta za sebule ukanda wa mbao uliopakwa vanishi, umekizunguka chumba kizima pasi na kuachana mahali, na aliporudi hakusema neno mpaka tulipokwisha kula chakula cha usiku, ndipo aliponiambia kwa ile sauti ya upole ambayo kwa tajiriba yangu ni ya hatari kuliko ya ukali, "Mwalimu, na sisi tuifunike aibu yetu." Wajuzi wa majumba ya mawe watanilaumu hapa, kwa kuwa chokaa hutaka kupumua na haipendi kufunikwa, nami nawaomba waje wamweleze yeye.

Fundi seremala wa mtaani kwetu, mzee wa makamo ya marehemu baba yangu, alitaka ujira wa shilingi 60,000. Niliona ni dhuluma iliyo dhahiri. Kazi yenyewe, nilimwambia mke wangu, ni kukata tu: chumba kina pembe nne, kila pembe ina nyuzi 90, mbao mbili zinazokutana pembeni hugawana nyuzi hizo nusu kwa nusu, kwa hiyo kila ncha ikatwe nyuzi 45, na hiyo ni hesabu ya mtoto wa shule. Kilichokosekana ni chombo.

Chombo nilichokikusudia ni ule msumeno wa umeme wa kukatia pembe, ambao hukaa juu ya kitako chake cha chuma kama jogoo aliyeinamia punje, una bledi ya duara na mkono wa kuishushia, na chini yake kipimo cha nyuzi mfano wa kipimapembe cha wanafunzi. Nilipoanza kuuchagua niligundua kuwa kila mtu Unguja ana rai juu ya jambo hili, na asiyepata kushika hata randa ndiye mwingi wa nasaha. Shemeji yangu alisema bledi ya inchi 10 yatosha. Jirani yake akaapa kwamba mwanamume hununua ya inchi 12. Mwingine alinihimiza nitafute ule wa kutelezesha, ambao kichwa chake huenda mbele na kurudi nyuma juu ya reli ili ukate ubao mpana, na wa nne akaniambia habari ya meno: kwamba bledi ya meno 24 hukata upesi ikaacha mbao imesimama manyoya, ilhali ya meno 60 au 80 hukata taratibu ikaacha uso laini. Hapana hata mmoja aliyeuliza ubao wangu una upana gani, wala mimi sikukumbuka kuwaambia. Nikachagua wa inchi 12 wa kutelezesha, ambao kwa ukanda wa inchi 3 ni sawa na kukodi jahazi kuvukia dimbwi.

Nilimpata muuza mitumba mmoja, ameutoa katika kontena, akanitaka shilingi 280,000. "Mwalimu," alisema, "hii mali ya Uingereza hasa. Wazungu wamejengea kwa hii." Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na katika ukweli huo ndimo ulimokuwamo msiba. Huko Uingereza, zana za viwanja vya ujenzi hutumia umeme wa volti 110, ili ukimpiga mtu usimwue, na plagi zake hutiwa rangi ya manjano zijulikane. Huu wangu plagi yake ya asili ilikuwa imekwisha kukatwa na mtu mwenye huruma, akautia yetu ya meno matatu bapa, inayoingia vizuri kabisa katika ukuta wenye volti 230. Hamali aliupandisha ngazi huku akinitaja kwa majina ambayo hakunipa mama yangu. Tukauweka juu ya meza ya kulia, nikapiga bismillahi, nikabonyeza.

Haukuwaka, ulipiga ukelele. Bledi ilizunguka kwa kasi ambayo hata waliouunda hawakuikusudia, ukatoka moshi wenye harufu ya samaki aliyesahauliwa jikoni, kisha nyumba nzima ikaingia giza, na uniti za umeme za Tukuza tele. Jirani wa dirisha la pili, ambaye kwa wembamba wa kichochoro chetu hupokezana chumvi na mke wangu bila ya kutoka nje, aliuliza tunachoma nini. Mke wangu akamjibu, "Kiinua mgongo cha Mwalimu."

Wa pili niliununua mpya, wa inchi 10, wa volti 230, wenye bledi ya meno 60, kwa shilingi 650,000. Juu ya huo sina la kulalamikia. Nilikata ncha mbili kwa nyuzi 45, nikazikutanisha mezani, nikaweka guni, na hata unywele haukupita. Nikazichukua mbao zile hadi pembe ya sebule kwa mwendo wa bwana harusi, nikazisukuma ukutani, na mbele ya macho yangu ukaonekana ufa, umekazana nyuma na kuachama mbele, ukaingia sarafu.

Nikaleta kipimapembe changu cha ubaoni. Pembe ile ilikuwa na nyuzi 94. Ya pili ilikuwa 87, ya tatu 91, ya nne 88. Jumla yake 360, kama nilivyosomesha siku zote, na hilo ndilo peke yake lililonifariji jioni ile. Waashi wa zamani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakakipa chumba upana wa kadiri ya urefu wa boriti walizozipata, na hapana aliyewapa habari kwamba siku moja atakuja mwalimu na msumeno.

Si neno, nilisema. Nusu ya 94 ni 47. Nikautia msumeno kwenye 47, nikakata, na ule ufa ukawa maradufu. Nikakata tena, vile vile. Ilinipasa nilale usiku mmoja na ghadhabu zangu ndipo nifahamu kuwa msumeno huanza kuhesabu sifuri pale ambapo kipimapembe changu husoma 90, basi 47 yangu kwake ni 43. Na 45 ni nambari ya hila, kwani hesabu huku au hesabu kule, ni ile ile. Na kila nilipokata, bledi ilijilia unene wake wa milimita 3, nami nikaongeza kwa tahadhari, hata mbao za msonobari zilizotoka Sao Hill huko Mufindi, zikavuka bahari salama, zikaishia kuwa fupi kwa shubiri moja ndani ya sebule yangu.

Ndipo nilipomwita yule mzee. Alikuja na vipande viwili vya ubao vilivyoshikana kwa msumari mmoja. Akavipanua pembeni mpaka vikaugusa ukuta huku na huku, akavilaza juu ya ubao mwingine, akachora, kisha akatoa bikari mfukoni akaigawa pembe ile nusu kwa nusu. Nilitazama nikanyamaza. Mchoro ule nimeuchora ubaoni mwaka baada ya mwaka, nikawafokea waliokosea, na haukunijia akilini hata mara moja kwamba una kazi. Akaugeuza msumeno wangu mpaka bledi ikalala juu ya mstari, bila ya kutazama nambari. Mimi nikachungulia, nikakuta umesimama kwenye 43. Alasiri haijaadhiniwa, chumba kilikuwa kimekwisha, kwa mbao mpya na kwa zile zile shilingi 60,000.

"Chombo kizuri," alisema akiufuta vumbi. "Kilikosa mtu tu."

Mke wangu alitaka meza yake ya kulia, basi msumeno ukaenda kukaa karakanani kwa yule mzee. Juzi nilipotaka kukata fremu ya picha nilikwenda kuuazima. Akanipa, kwa sharti niurudishe kabla ya magharibi.