Nani Aliagiza Gemu?

Kama yupo mtu aliyewahi kuniona nikicheza gemu, aende ofisi ya kijiji akaandikishe maelezo, nami nitaitikia wito. Nina steshenari hapa Kewanja, kata ya Kemambo, jirani na mgodi wa North Mara. Natoa kopi, nachapa barua za utambulisho, naskani vyeti vya vijana wanaotafuta ajira mgodini, na kupanga vizuri wasifu ambamo kila kijana anaapa kuwa ni mwaminifu, mchapakazi na hanywi pombe. Kompyuta niliinunua kwa kazi hizo. Lakini yenyewe ina mawazo yake. Nikiiwasha tu, napokewa na peremende za rangi upande huu, karata upande ule, magari ya mashindano, kuku wanaodondosha mayai kutoka angani, na jamaa mmoja wa shati la maua anayepora magari ya watu mchana kweupe. Mteja anasubiri barua ya mwenyekiti wa kitongoji, mimi natafuta mahali pa kuifungulia.

Uonevu huu una historia. Mwaka 1990 Windows 3.0 ilitoka ikiwa na karata za kucheza peke yako, Solitaire. Aliyeziandika ni Wes Cherry, aliyekuwa Microsoft kwa mafunzo ya kazi, na karata zenyewe zikachorwa na Susan Kare, mama aliyechora pia vile vijipicha vya kompyuta za kwanza za Macintosh. Sababu inayotolewa siku zote ni kwamba zilikuwa shule: mtu ambaye hajawahi kushika kipanya ajifunze kubofya, kukokota na kuachia. Sawa, nakubali. Mimi nilishajifunza, nikafaulu. Sasa mbona mwalimu hatoki darasani? Cherry mwenyewe hakupata mrabaha hata senti. Hapo tunaelewana naye, maana vitukuu vya karata zake vimekaa kwenye diski yangu miaka yote hii na kodi ya pango sijaiona.

Mwaka 1992, kwenye Windows 3.1, tukaongezewa mchezo wa kutegua mabomu ya ardhini, Minesweeper. Waitaliano fulani walianzisha kampeni mwaka 2001 kuupinga, wakisema ni kuwadhihaki watu waliokatwa miguu na mabomu ya kweli, na Windows Vista ilipokuja kulikuwa na chaguo la kuweka maua badala ya mabomu. Mimi sikuandamana. Ila sisi tunaoishi kando ya mashimo ya mgodi, Gokona na Nyabirama, tukitaka kusikia mlipuko hatuhitaji kuwasha kompyuta.

Enzi za Windows 7 mtu alikuwa na heshima yake. Ulikuwa unaingia kwenye orodha ya vipengele vya mfumo, unaondoa alama ya tiki kwenye neno la gemu, unasubiri kidogo, basi. Hakuna maswali, hakuna kubembelezana. Mwaka 2012 Windows 8 ikaja bila zile gemu za zamani, tukadhani tumeokoka. Kumbe walikuwa wanachukua pumzi. Mwaka 2015 Windows 10 ikaja na karata zilezile, safari hii zikiwa na matangazo, na Candy Crush Saga juu yake kama nyongeza. Ukiudhika na matangazo kwenye karata uliambiwa utoe dola 1.49 kwa mwezi. Hebu soma tena taratibu: nilipie, ili kitu nisichokitaka kisiniletee kitu kingine nisichokitaka.

Na peremende hizo zina hila. Mara nyingi kinachoonekana kwenye menyu mwanzoni ni kibao tu. Gemu yenyewe huja baadaye, mashine ikionja intaneti. Kwa mtu wa mjini mwenye waya ukutani hilo si neno. Huku tunatumia bando la simu, la saa ishirini na nne, lililonunuliwa ili mtu atume maombi ya kazi kabla dirisha halijafungwa. Kuondoa si kugumu: unabofya kulia, unachagua kuondoa, inakwenda. Halafu fungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye mashine ileile, labda kwa ajili ya msaidizi wako wa dukani, uone. Peremende zimerudi, zinametameta, maana mfumo unamhesabu kila mtumiaji mpya kuwa mtu anayestahili kugawiwa fungu lake.

Hizo ni za mtengenezaji. Kuna za muuzaji. Laptopu za mtumba zinazotufikia huku huwa zimepita mikono mingi, na kila mkono umeacha kitu. Kuna gemu za kuonjeshwa, unacheza kidogo kisha zinakudai namba ya kadi ya benki. Ukiziondoa zinakuuliza kama una uhakika. Ukisema unao, zinakuuliza sababu. Ukishataja sababu, zinaomba uwashe mashine upya, na ikiwaka unakuta gemu imekwenda lakini duka lililoileta limebaki palepale, linakupungia mkono kutoka pembeni ya skrini. Ni ng'ombe wa watu walioingia kwenye muhogo wako: unaswaga huyu, yule anaingilia upande wa pili, na ukiuliza ni wa nani, kijiji kizima kinatazama pembeni.

Walau hao wote wako mbali. Adui wangu mkubwa nampikia ugali. Mpwa wangu, kidato cha nne, kila likizo anashuka na flashi shingoni kama kitambulisho cha ofisini.

"Mjomba, ni kagemu kadogo tu. Hakachukui nafasi."

Hako kadogo ni Grand Theft Auto: San Andreas, gemu ya mwaka 2004 iliyosambazwa kwa DVD, yenye miji mitatu ndani yake. Asubuhi iliyofuata mstari wa diski ulikuwa mwekundu, na printa inatoa ukurasa mmoja kila baada ya kufikiri sana. Nikamwambia aiondoe. Akakikokota kijipicha kutoka kwenye skrini hadi kwenye pipa la taka, akajipangusa mikono. "Tayari, mjomba."

Tayari nini? Kilichofutwa ni shotikati, yaani njia ya kufungulia. Gemu yenyewe ilikuwa imejilaza kwenye diski na gigabaiti zake zote. Nikaenda kwenye orodha ya programu ili niing'oe kwa utaratibu, haimo. Gemu iliyonakiliwa kutoka kwenye flashi haijisajili popote. Ni folda tu, na folda inakaa popote kijana alipoamua kuificha. Nilizunguka humo hadi mchana. Nikaikuta ndani ya "Masomo", ndani ya "Fomu Foo", ndani ya "Mitihani ya Kemia". Nikaifuta yote. Akaja mbio, macho yamemtoka, akilalamikia sevu zake, na kumbe hizo hazikuguswa, maana huhifadhiwa kando, kwenye folda ya nyaraka, katikati ya barua za wateja wangu.

Mwaka 2006 meya wa New York, Michael Bloomberg, alimwona mfanyakazi mmoja wa ofisi ya jiji akiwa na karata kwenye skrini, akamfukuza kazi. Namwonea wivu. Mimi nikimfukuza huyu, mama yake ni dada yangu, na dada yangu sauti yake inasikika hadi Nyamwaga.

Wiki iliyopita nikasema liwalo na liwe. Nikafunga duka mapema, nikafagia: kuku, magari, peremende, mtu wa shati la maua, na karata nikamalizia nazo. Mashine ikawa nyepesi, inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

Kesho yake akaja mzee mmoja wa mila, ambaye huniletea muhtasari wa ritongo, baraza letu la mila, nimchapie. Mara nyingi nikiwa nachapa kwenye mashine hii, yeye hukaa kwenye kompyuta yangu ya pili, kimya. Sikuwahi kumuuliza anafanya nini pale, na ile ya pili nayo niliifagia. Akavaa miwani, akashika kipanya kwa ustadi ambao msaidizi wangu hana, akabofya, akakokota hewa tupu, akaachia. Akageuka.

"Mura, wafalme umewapeleka wapi?"

Nikamweleza habari za diski. Nikamweleza habari za bando. Akanisikiliza hadi mwisho, kama anavyowasikiliza watu wenye kesi, kisha akaukunja ule muhtasari, akaurudisha mfukoni. Kurasa kumi na mbili, nakala kwa kila mzee.

Nikanunua bando, nikapakua karata. Kabla hazijatandazwa likaja tangazo la gemu nyingine, ya mifugo, ng'ombe wamenona wanaongezeka kila ukigusa. Nikanyoosha mkono nilifunge. Mzee akanizuia, akalitazama hadi mwisho, akaniuliza hiyo nayo inawekwaje.