Barua ya Wazi kwa Watunza Vifurushi: Pongezi kutoka Kambove

Waheshimiwa watunza vifurushi wa Arch Linux, pamoja na ndugu zenu wa mifumo yote isiyo na toleo, inayosonga tu kila kukicha,

Pokeeni pongezi zetu. Hapa Kambove, mji wa migodi wa Kongo, tulidhani kumstaafisha mtu angali na nguvu zake ni ufundi wa kampuni ya shaba peke yake. Mwaka 2003 kampuni hiyo, Gécamines, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaaga wafanyakazi 10,655 kwa mpango ulioitwa départ volontaire, kuondoka kwa hiari, na wengi wa hao wenye hiari wakabaki miaka wakidai haki zao. Ninyi mmeipita kampuni. Mstaafu wenu haombwi hata sahihi.

Novemba 2017 mliziaga mashini za biti 32. Septemba 2022 ikafika zamu ya Python 2. Huyo simlilii, waliomzaa walikuwa wamekwisha mzika Januari 2020. Lakini Desemba 2025! Kiendeshi kipya cha NVIDIA, namba 590, kiliacha kuzitambua kadi za michoro za Pascal na za kabla yake, akina GTX 1060. Tangazo lenu lilisema wazi: mwenye kadi hizo akisasisha bila kujiandaa, kiendeshi hakitapanda na huenda akakosa mazingira ya picha kwenye skrini. Dawa nayo iliandikwa: ondoa kifurushi cha nvidia, weka nvidia-580xx-dkms kutoka AUR, hazina ya vifurushi vya watumiaji. Yote yalikuwa kwenye tangazo. Tangazo lilikuwa kwenye tovuti. Na tovuti, waheshimiwa, husomwa kwenye skrini.

Kipo chombo kinachomsimamisha pacman, msakinishaji wenu wa vifurushi, mpaka usome matangazo yote. Kinaitwa informant. Na chenyewe kiko wapi? AUR, huko huko kwa wastaafu, ambako kila kifurushi kinaishi kwa huruma ya mtu aliyejitolea.

Sasa tuje kwenye umeme. Mtu wa Kambove husasisha siku ambayo umeme upo na mega zinatosha, na siku hiyo haiji kila wiki. Mashini ikinyamaza miezi kadhaa, funguo za watunzaji zinakwisha muda au wanaingia watunzaji wapya isiowajua. Pacman anakataa vifurushi vyao kwa kuwa saini haiaminiki. Basi unaanza na archlinux-keyring, kisha unasasisha vyote. Vyote! Mwenye mega chache anayetaka Firefox tu, akapiga pacman -Sy firefox, ameshavunja sheria yenu: kivinjari kipya juu ya maktaba za zamani, na asubuhi kinalia kwamba hakioni faili fulani la .so. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, pacman akirudi anakuta faili la db.lck aliloliacha mwenyewe, anasimama mlangoni kama mgeni na kudai ndani kuna mtu. Ulifute kwanza. Na kama kukatika kuliikuta kerneli ikiandikwa, tafuta flashi ya usakinishaji, ingia kwa arch-chroot, uanze upya. Mega zilizoliwa hazirudi.

Mtasema: si mchukue Debian, mkae miaka na toleo moja? Shauri zuri, na kwa mwenye mega chache ndilo ningempa. Ila Debian 13 ya Agosti 2025 nayo haina tena kisakinishi cha biti 32, kwa hiyo mlango huo nao unafungwa, polepole na kwa adabu zaidi. Mtasema pia kwamba hamlipwi. Tunajua. Wa Gécamines nao walikaa miezi mingi bila mshahara, na shaba iliendelea kutoka.

Ombi letu ni dogo: pacman aseme mwenyewe, kabla ya kugusa kitu, nani anastaafishwa leo na kwa mashini ipi.

Mkikataa, tutajifunza kwenu. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, hiyo ya betri za kompyuta zenu, na Kambove ina fungu lake. Tukianza kuitoa kwa utaratibu wenu, mnunuzi asiyefika kwa miezi mitatu atakuta mkataba wake umehamishiwa kwa wanakijiji. Tangazo litakuwa limebandikwa wazi kabisa, chini shimoni.

Jibu lenu lisizidi mega 5.

Wenu katika foleni,
Mtumiaji wa Kambove