Barua ya Wazi kwa Shirikisho la Kimataifa la Magari Kuhusu Umri wa Mkanda

Kwa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA),
Place de la Concorde,
Paris, Ufaransa.

YAH: KUWEKEWA TAREHE YA KWISHA MATUMIZI MAFUNDI WA JINJA NA MBALE

Waheshimiwa,

Otokrosi ni mashindano ya magari yanayofanyika kwenye uwanja wa udongo au nyasi uliowekewa alama, ambapo dereva hushindana na saa zaidi kuliko anavyoshindana na gari la jirani, na akigusa alama huongezewa sekunde za adhabu. Kati ya michezo yote ya magari, huu ndio ulio karibu zaidi na mtu asiye na mfadhili, kwa kuwa gari linaloweza kuingia uwanjani Jumapili ni lile lile linalobeba matoke Jumatatu, mradi mwenyewe amebadilisha bushi za mbele, amesafisha plagi na kung'oa kiti cha nyuma ili kupunguza uzito. Kwa kijana wa Walukuba mjini Jinja, au wa Namakwekwe mjini Mbale, nchini Uganda, ambaye gereji yake ni kivuli cha mwembe, hakuna mlango mwingine.

Mlangoni hapo amesimama mgeni kutoka Paris. Kiambatisho J, yaani sehemu ya kanuni za Shirikisho inayoeleza gari la mashindano liundwe vipi, pamoja na viwango vinavyoandamana nacho, huandikwa kwa ajili ya mashindano ya kimataifa, lakini waandalizi wa mashindano madogo katika nchi nyingi huviazima. Kwa viwango hivyo, kiti cha kiwango cha 8855-1999 huishi miaka 5 tangu kilipotengenezwa, na mkanda wa kumfunga dereva huishi muda kama huo, hadi siku ya mwisho ya mwaka. (Mwaka huo wa 1999 ndio ambao Mganda Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari, nao ubingwa huo, kwa bahati njema, haukupigwa muhuri wa kuisha.)

Sababu inayotolewa ni ya kweli: nyuzi za poliesta hudhoofishwa na jua, jasho na msuguano, na mkanda uliochoka waweza kukatika katika sekunde ile ile unapohitajika. Ila kalenda haiulizi mkanda ulikuwa wapi. Ule uliokaa ndani ya boksi katika ghala la Ulaya, na ule ulioning'inia dirishani huko Bugembe karibu na Jinja, nusu digrii tu kutoka Ikweta, hufa usiku mmoja wa tarehe 31 Desemba kana kwamba ilikubaliana. Nayo Uganda, ambayo tangu Oktoba 2018 hukataza kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kuundwa, hulipokea la miaka 14 kama mgeni mbichi. Hivyo gari linalovuka mpaka wa Malaba huweza kuzika mikanda miwili kabla halijaonwa kuwa zee.

Kwa kuwa mantiki hiyo ni nzuri mno kuishia kwenye mikanda, Shirikisho linaombwa kuipanua. Fundi aliyefunzwa kuchomelea na mjomba wake apigwe muhuri kwenye ovaroli, na mwaka wa sita ukifika, ujuzi wake ukatwe kwa mkasi mbele ya shahidi. Murram, yaani udongo mwekundu wa barabara za Busoga, eneo la Jinja, iwasilishe sampuli kabla ya kutimua vumbi. Mvua inayoteremka kutoka Wanale, mlima unaoikabili Mbale, ijaze fomu mapema, kwani hadi sasa hunyesha bila idhini.

Haki itendeke: si kila kanuni ya Paris inastahili kuchekwa. Kiambatisho hicho kinataka fremu ya usalama, yaani mabomba yanayofungwa ndani ya gari ili paa lisimponde dereva gari likipinduka, na upinde wake mkuu uwe wa bomba lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au 50 kwa 2.0. Hapo mafundi wa mtaani ndio wanaopaswa kusikiliza, kwa kuwa bomba la maji au la kitanda limeunganishwa kwa mshono, na mshono huo unaweza kupasuka gari likibiringika, hata kama kazi ya kuchomelea ilikuwa safi kiasi gani. Kanuni ya bomba imetoka kwenye fizikia. Kanuni ya kalenda ina harufu ya duka, tena duka ambalo mteja hulazimika kurudi.

Ombi lenyewe, kejeli ikiwekwa kando, ni dogo. Kwa otokrosi ya gari moja moja, Shirikisho litoe kipimo badala ya tarehe: mkanda uvutwe kwa uzito unaojulikana, nyuzi na kifungo vikaguliwe, na matokeo yaandikwe na mkaguzi aliyesimama hapo uwanjani, awe amefika kwa ndege au kwa bodaboda.

Wakati jibu likisubiriwa, barabara ya kutoka Nakalama kupitia Tirinyi hadi Mbale iko wazi saa 24. Haina kiingilio wala alama za kugusa, na kamunye, yaani gari dogo la abiria 14, hupita humo kwa kasi atakayo dereva, bila mtu kumuuliza mkanda wake ulitengenezwa mwaka gani.