Barua kutoka Uingereza: Mlio wa Nyuma katika Gari Kuukuu

Jamaa waliobaki Mombasa na Nairobi, ambako sheria hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika likiwa limezidi umri wa miaka minane, wanapaswa kuarifiwa kwamba huku Uingereza mambo yamepinduliwa: gari likitimiza miaka 40 bila kugeuzwa sana mitambo yake, husamehewa kodi ya barabara na, tangu Mei 2018, husamehewa pia ukaguzi wa kila mwaka, kama mzee wa mtaa anavyosamehewa kubeba viti vya harusi. Kwa hiyo hakuna mkaguzi anayelazimika kuzisikiliza kelele za gari hilo, na kazi hiyo imebaki masikioni mwa mwenyewe na mwa majirani, ambao hata kama hawajawahi kuitikia salamu ya mgeni, hutoka majumbani mwao mara tu jeki inapoingizwa uvunguni.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni MGB, gari dogo la michezo lenye milango miwili, lililoundwa mjini Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, kwa idadi iliyopita 500,000. Kanuni ya kwanza ya utafiti, ambayo mabingwa huisahau kwa kuwa haihitaji spana, ni kutoa kila kitu kilichomo ndani ya buti, kwani mlio uliokwisha kutangazwa kuwa ni mauti ya difu, yaani kile kisanduku cha meno kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma, huweza kuwa ni chupa ya chai inayogombana na viti vya kukunja.

Mlio ukibaki baada ya buti kuwa tupu, huainishwa kwa jinsi unavyoitikia mguu na mikono ya dereva. Mvumo unaobadilika anapokanyaga na kuachia mafuta hupeleka lawama kwenye meno ya difu, ilhali ule usiojali mafuta bali hubadilika gari linapokata kona huelekea kuwa wa beringi ya gurudumu, kwa sababu kona huhamishia uzito upande mmoja. Kishindo kimoja kizito, ko!, kinachosikika klachi inapoachiwa, kina washukiwa wengi: huenda ni krosi za propela, yaani viungo vinavyoiwezesha shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma kupanda na kushuka pamoja na springi, huenda ni washa zilizolika ndani ya difu, au, katika magari yenye rimu za spoku, ni meno ya kitovu ambacho rimu huvishwa juu yake. Hili la mwisho huthibitishwa kwa kuinua gari, mtu mmoja akakanyaga breki na mwingine akalitikisa gurudumu mbele na nyuma: likicheza ilhali kitovu kimetulia, meno yamekwisha. Kazi ya kukanyaga breki hupewa mgeni kutoka Afrika Mashariki, na hicho ndicho cheo kikubwa anachoweza kukitarajia katika mwaka wake wa kwanza.

Lakini mlio unaostahili sura yake pekee ni tik-tik-tik ya haraka inayotoka karibu na gurudumu la nyuma la kulia, katika magari ya miaka ya mwanzo, ufunguo unapofunguliwa na injini ingali imelala. Mgeni hushuku bomu. Hiyo ni pampu ya mafuta ya SU, ambayo waundaji, kwa sababu wanazozijua wenyewe, waliifunga chini ya gari palipo na matope yote. Ndani yake koili ya umeme huvuta kiwambo laini. Kiwambo kikifika mwisho wa safari, ncha mbili zinazopitisha umeme huachana, springi hukirudisha kikiisukuma petroli kwenda kwenye kabureta, ncha hugusana tena, na kila mzunguko hutoa tiki moja. Pampu yenye afya hutatarika mpaka vibakuli vya kabureta vijae, kisha hunyamaza. Isiyonyamaza inatangaza kwamba tangi ni tupu, au kwamba inavuta hewa, au kwamba petroli inavuja mahali fulani, na hapo sigara zizimwe kabla mjadala haujaendelea. Iliyo kimya tangu mwanzo ndiyo mgonjwa hasa, kwani mara nyingi ncha zake zimeungua au zimegoma kugusana, na tiba inayojulikana nchi nzima ni kuipiga.

Kifaa cha kupigia kina historia yake. Herufi SU zinatokana na ukoo wa Skinner: George Skinner na nduguye walibuni kabureta yao mwanzoni mwa karne ya 20, wakitoka katika familia ya wauza viatu, na kabureta za kwanza zilikuwa na mvukuto wa ngozi. Kwa hiyo dereva anayechuchumaa kando ya barabara mvua ikimnyeshea, akavua kiatu na kuitandika pampu kwa kisigino, anaurudisha mtambo kwenye nasaba yake. Fundi wa Grogan, Nairobi, angemcheka kwa kupiga kabla ya kuzisafisha ncha, kisha naye angepiga. Wapo waliochoshwa na desturi hii wakafunga pampu ya kielektroniki, isiyo na ncha za kuungua wala sauti ya kutajika, na ambao sasa, gari likizimika, hawajui wapige wapi.