Barua ya Wazi kwa Waziri Anayeziba Kisicho Ufa

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Serikali ya Uingereza,
London.

YAH: SHUKRANI KWA UKUTA ULIOSHIBA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza mmeshaandikiwa mpaka mkachoka kusoma.

Kwanza, pongezi. Nyumba nyingi za hapa zilizojengwa tangu miaka ya 1920 zina ukuta wa tabaka mbili, na kati yake uwazi wa sentimita tano hivi. Walioacha uwazi ule hawakuishiwa matofali. Walitaka mvua ikilowesha tabaka la nje, maji yateremkie humo humo, yasivuke kuja ndani. Serikali yenu ikachungulia, ikaona pengo, ikalipia lijazwe sufi ya kuhifadhi joto. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bahati mbaya hawakuacha neno lolote kwa anayeziba kisicho ufa.

Tusieleweke vibaya: baridi tunaijua na bili tunazilipa. Nyumba ambayo kuta zake hazijakingwa hukadiriwa kupoteza karibu theluthi ya joto lake kupitia kuta hizo, na ukuta mzima, ukijazwa na fundi aliyeukagua, huokoa fedha kweli. Utata uko kwenye hilo neno kukagua. Inatakiwa kwanza kutoboa tundu, kuingiza kamera ndogo, na kuangalia kama saruji iliyodondoka imeziba chini, kama vyuma vinavyoshika tabaka mbili vimeshika kutu, na kama ukuta unapigwa na mvua ya upepo. Ukuta wetu wa magharibi, hapa pwani ya Lancashire, unatazama Bahari ya Ireland uso kwa uso. Fundi aliyeletwa na mpango wa ruzuku alitazama juu, akasema leo kumekucha vizuri, akawasha keekee. Akatoboa kwenye maungio ya matofali, akapuliza sufi kwa mpira, akaziba, akapiga picha, akaondoka. Funika kombe mwanaharamu apite.

Sufi ikilowa hugeuka daraja la maji, na joto hutoroka zaidi kuliko hapo awali. Leo nyuma ya kabati lipu inabonyea kwa kidole, na kuvu jeusi linapanda kuelekea dari. Kampuni ya fundi huyo ilishafungwa. Karatasi ya dhamana ya miaka 25 ninayo. Ndicho kitu pekee kikavu upande ule wa nyumba.

Najua mna mambo makubwa zaidi. Mwaka 2013 mlianzisha mikopo ya Green Deal, ya kuboresha nyumba zitumie nishati kidogo. Mkaikatia fedha 2015, kaya kama 14,000 tu zikiwa zimekopa. Septemba 2020 mkaja na ruzuku ya kazi hiyo hiyo, Green Homes Grant, lengo nyumba 600,000. Machi 2021 mkaifunga, na nyumba zilizonufaika zikaishia kama 47,500. Gharama za uendeshaji zilizidi pauni 1,000 kwa kila nyumba, hivyo angalau makabrasha yamepata joto. Kisha Oktoba 2025 wakaguzi wa hesabu za taifa wakaeleza kuwa, katika nyumba zilizovikwa kinga kwa nje chini ya mipango yenu ya karibuni, asilimia 98 zina kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa. Asilimia 98! Kwetu mwanafunzi wa alama hizo hupigwa picha na mkuu wa mkoa.

Ombi langu ni dogo, wala halihitaji kamati. Mlipeni fundi nusu ya malipo siku anayomaliza kazi, na nusu iliyobaki baada ya masika mawili ya huku, yaani baada ya mvua mbili za majira ya baridi kuupiga ukuta. Mvua ni mkaguzi asiyehongeka, hana likizo, hadai posho ya safari, na Lancashire huja bila kualikwa.

Wako mtiifu, mwenye unyevu,

Mkazi wa chumba cha magharibi