Mvinyo wa Kutemwa

Njia ya Mvinyo ya Stellenbosch nchini Afrika Kusini, yaani mtandao wa mashamba ya mizabibu yanayopokea wageni, ilianzishwa mwaka 1971, na wanandoa huizunguka kwa gari, taratibu, wakilipia kuonja. Kuonja, kwa mujibu wa wajuzi, ni kuzungusha bilauri, kunusa, kusukutua na kutema ndooni. Na kwa kuwa sheria humzuia dereva kufikisha gramu 0.05 za alkoholi katika mililita 100 za damu, mume hutema Pinotage, aina ya zabibu iliyozalishwa huko mwaka 1925, huku mkewe akimeza na kusifu, kwa sauti inayozidi kupanda, harufu ya ndizi mbivu. Safari hiyo humfaa zaidi asiyejua kuendesha gari.